Inachaji Tukishuka, Haichaji Tukipanda

Mwanamke yule alifika karakanani kwangu na injini ya boti imelazwa juu ya godoro nyuma ya pikapu, kama anayepeleka mgonjwa hospitali. Alikuwa mrefu, wa miaka sitini hivi, mtandio kichwani na juu ya mtandio kofia pana ya majani. Wapakizi wawili walipotaka kuishusha injini kwa haraka aliwakemea mpaka wakaibeba kwa adabu na kuiegemeza ukutani.

"Wewe ndiyo fundi?" aliniuliza.

"Ndiyo mimi, mama. Karibu."

"Nimetafuta wewe soko muzima. Walisema iko mwanamuke moja anatengeneza umeme ya lori. Nikasema huyo ndiyo nataka. Hawa wanaume wananiuza betri kila siku."

Mimi ni fundi wa umeme wa magari. Kazi yangu ni starta, alteneta, taa za malori yanayovuka kwenda Kongo na Sudan Kusini, na kusuka upya koili zilizoungua. Karakana yangu iko chini ya Arua Hill, na Arua, hata tangu iitwe jiji, haina maji ya kupitisha boti. Mto Naili uko mbali, safari ya vumbi ya nusu siku ukihesabu na kusubiri gari lijae. Injini za boti nilikuwa nimezigusa mara mbili tu maishani. Lakini umeme ni umeme, nikajiambia, nikamletea mgeni kigoda.

Watu wa mtoni walimwita Hajati, nami nikamwita hivyo. Marehemu mumewe alimwachia boti ya mbao na injini hiyo ya nguvu-farasi arobaini. Ndugu wa mume walimshauri aiuze. Yeye akamwomba mvuvi mmoja amfundishe, akajifunza kuiendesha kwa miezi mitatu, na sasa alikuwa mwaka wa sita akibeba watu na mizigo kutoka Rhino Camp kushuka hadi soko la Obongi na kurudi. Bega lake la kulia lilikuwa limeharibika kwa kuvuta kamba ya kuwashia, kwa hiyo alitegemea starta ya umeme. Betri ikifa, alikuwa hana jinsi ila kuomba abiria wamvutie kamba.

"Basi niambie, Hajati. Inasumbua vipi?"

"Iko namna hii. Tukishuka, iko nachaji. Tukipanda, hapana chaji."

"Tukishuka wapi?"

"Mto! Tukishuka na maji kwenda Obongi, taa ya betri iko muzuri. Tukirudi kupanda, taa inakufa pole pole. Kila siku."

Nilicheka. Sikukusudia kumdharau, lakini nilicheka, na mama jirani anayekaanga gurusa, ile mikate myembamba ya ngano, naye akacheka kwa sababu mimi nimecheka. Nikamweleza Hajati kwa upole kwamba umeme hautoki kwenye mto. Juu ya injini kuna gurudumu zito lenye sumaku ndani yake. Likizunguka, sumaku zinapita karibu na koili, na koili zinatoa umeme. Umeme huo unapita kwenye kidude kinachoitwa regyuleta, kinaunyoosha na kuupunguza, halafu unaingia kwenye betri. Boti ielekee kaskazini au kusini, gurudumu linazunguka upande uleule.

Hajati alinisikiliza mpaka mwisho.

"Sawa fundi," akasema. "Lakini tukipanda, hapana chaji."

Injini ya boti huwezi kuiwasha mahali pakavu. Inapoozwa na maji inayoyavuta yenyewe kutoka mtoni, na ikikosa maji inaungua kwa dakika chache. Kwa hiyo nilitafuta pipa la mafuta, nikalikata juu, tukalijaza maji kwa jerikani, tukaifunga injini kwenye ubao mnene ili mguu wake uzame ndani ya pipa. Habari ikaenea haraka kuliko moshi. Wenye boda boda waliegesha pikipiki zao. Wauza mihogo waliacha meza. Injini ilipowaka, maji yakachemka kwa povu ndani ya pipa na kuturukia wote, watu wakapiga vigelegele kana kwamba mto wenyewe umepanda Arua kutusalimia. Hajati alisimama nyuma ya injini ameshika mkono wake wa usukani, uso umenyooka, anatazama mbele kwenye ukuta wa duka la simenti kama anayetafuta gati.

"Obongi bado?" mtu mmoja akamuuliza kwa sauti.

"Keti chini, utaangusha mizigo!" akamjibu, na watu wakazidi kucheka.

Mimi nilikuwa na mita yangu kwenye vichwa vya betri. Kabla ya kuwasha ilisoma volti kumi na mbili nukta tano. Injini ikiwa imewaka, ilipanda hadi kumi na nne. Hiyo ni chaji nzuri, hakuna fundi atakayeilalamikia. Nikazima, nikapima fyuzi, nikasugua vichwa vya betri, nikapima waya mbili za kijani zinazotoka kwenye koili za chaji. Zilikuwa zimeungana vizuri. Kosa halikuonekana.

Fundi asiyeona kosa ana mambo mawili ya kufanya: kusema hajaliona, au kubadilisha kitu. Mimi nilibadilisha kitu. Nilijiambia kwamba labda regyuleta inachoka ikipata joto, kwa kuwa safari ya kurudi ni ndefu na injini inakuwa imeshapata moto. Nikafunga nyingine. Halafu, kwa sababu napenda kazi safi, nikazikusanya waya zote zilizokuwa zimelegea chini ya kifuniko, nikazikaza pamoja kwa vifungo vya plastiki, zikalala sambamba kama nywele zilizosukwa. Nilimwita Hajati aone.

"Iko maridadi," akakubali.

Siku tatu baadaye alinipigia simu. Upepo ulikuwa unavuma kwenye simu yake, na nyuma yake mbuzi analia.

"Fundi! Kwanza betri ilikuwa inakufa siku ya tano. Sasa inakufa siku ya kwanza. Umetengeneza ugonjwa, si injini!"

Nilimwomba radhi, nikamwambia nitakuja mwenyewe mtoni. Kisha nikakaa kwenye kigoda kilekile nilichompa, nikasikia aibu inanipanda shingoni. Sijui wengine hufanya nini wakishindwa. Mimi, tangu nikiwa msichana, nikishindwa naenda kwa baba.

Baba yangu alikuwa sajini, fundi wa magari ya jeshi, na babu yake pia alikuja nchi hii akiwa askari kutoka Sudan. Alipostaafu alirudi Koboko akachukua shamba Kuluba, analima mihogo na karanga. Ndiye aliyenifundisha kushika mita. Nilipokuwa na miaka tisa alinipa taa ndogo ya kupimia umeme, akaniambia nitafute mahali ulipopotelea kwenye lori, naye akaenda kunywa chai. Nilitafuta mpaka adhuhuri. Nilipoupata alinipigia saluti, na mimi nikaamini kwa muda mrefu kwamba nimepandishwa cheo.

Lakini baba niliyemkuta Kuluba wiki ile alikuwa mtu mwingine. Mama yetu alikuwa amefariki miaka mitatu nyuma, na tangu hapo baba alikuwa ameishiwa na maneno. Alilima, aliswali, alilala. Nikimpigia simu alijibu "ndiyo" na "hapana" na "tunamshukuru Mungu." Alikuwa hatoki nje ya Koboko ila kwa mazishi. Redio zake zote, ambazo zamani alizifungua na kuzifunga kwa kujifurahisha, zilikuwa zimekaa kwenye rafu na vumbi lake.

Nilimkuta anamenya karanga barazani. Nikamsalimu, nikakaa, nikamweleza mambo yote: pipa, mita, regyuleta, simu ya Hajati. Sikutaka ajibu sana. Nilitaka tu kusema mbele ya mtu anayeelewa. Lakini nilipofika kwenye maneno ya Hajati, baba aliacha kumenya.

"Anasema nini?"

Baba ni mzito wa masikio, kwa hiyo nilipaza sauti. "Anasema wakishuka inachaji, wakipanda haichaji."

"Maji hapana jua umeme," baba akasema.

"Ndivyo nilivyomwambia."

"Betri hiyo imekufa. Betri tu. Ukiangalia kumi na nne kwenye mita unafurahi, lakini betri imeoza ndani. Inashika chaji kidogo, halafu inatupa. Mtu yuko mbioni na mzigo, anaona taa inakufa, anasema ni mto." Alikuwa amesimama. "Alinunua wapi?"

"Sikuuliza, Baba."

"Hukuuliza!"

Aliingia ndani. Nikasikia vitu vinasogezwa. Alitoka amebeba betri ya sola ya nyumba yake, mpya, ileile inayomwashia taa na kuchaji simu, waya bado zinaning'inia.

"Baba, utakaa gizani."

"Giza si adui. Twende tuonyeshe huyu mwanamke betri ni nini."

Kwa hiyo kesho yake sajini mstaafu wa Kuluba alipanda gari na betri mapajani, hakutaka niiweke nyuma, tukashuka Arua, tukaunganisha gari jingine hadi mtoni. Njia nzima alizungumza kuhusu betri. Nilitazama dirishani ili asione jinsi nilivyokuwa nafurahi.

Hajati alikuwa anatungojea gatini Rhino Camp, boti yake imefungwa kati ya mitumbwi ya wavuvi, rangi ya samawati imechakaa. Palinuka samaki waliokaushwa na matope. Nikamjulisha: huyu ni baba yangu, amekuja kusaidia. Hajati alimsalimu kwa heshima ya Kiislamu, wakaulizana hali za nyumbani kama inavyopasa, na salamu zilipokwisha baba akaonyesha betri yake kwa kidole.

"Mama, yako imekufa. Hii ndiyo betri."

"Mzee, mimi nimenunua betri mbili mwaka huu. Zote niliambiwa zimekufa. Betri gani hizi zinakufa tu kama kuku wa kideri?"

"Ziliuzwa mbovu."

"Na mto unazijua mbovu? Mbona mbovu zinachaji tukishuka?"

"Maji hapana jua umeme!"

"Na wewe unajua maji?"

Baba hakuwa amewahi kupanda boti maishani. Alikuwa amevuka Naili mara nyingi juu ya daraja, ndani ya lori la jeshi, na basi. Nilitaka kumwambia akae ukingoni anisubiri. Lakini Hajati alikuwa ameshaingia botini na kugeuka kumtazama, na sajini hawezi kutazamwa hivyo akabaki ukingoni. Akavua viatu, akakunja suruali, akaingia. Boti ikayumba. Akashika ubao kwa mikono yote miwili na kukaa juu ya gunia la unga wa muhogo katikati kabisa, mgongo umenyooka.

Tulifunga betri yake. Nilimpa mita, nikazibana nyaya zake kwenye vichwa vya betri, nikamwomba asome namba kwa sauti, maana mimi nilitaka kuitazama injini yenyewe na ngurumo ingenizuia kusikia. Hapo ndipo nilipomsikia baba yangu wa zamani amerudi. Hakusoma namba, alizitangaza, kama anayeita majina kwenye gwaride.

"Kumi na mbili! Nukta! Saba!"

Hajati akabonyeza starta. Injini ikawaka mara moja. Akarudi nyuma kidogo, akageuza pua ya boti kaskazini, tukaanza kushuka na maji, mwendo wa polepole, kwa sababu mto wenyewe ulikuwa unatubeba.

"Kumi na nne! Nukta! Moja!" baba akapiga kelele. "Iko nachaji! Nilisema nini? Betri!"

"Ngoja, Mzee," Hajati akasema. "Bado tunashuka."

Tulishuka mpaka gati likawa dogo nyuma yetu. Kiboko mmoja alitoa masikio mbali, karibu na matete, na Hajati akampita kwa nafasi kubwa bila kumtazama. Namba hazikubadilika. Baba alianza kutabasamu. Hata akaachia ubao mkono mmoja.

"Sasa napanda," Hajati akasema.

Akageuza boti. Mto ulitusukuma kifuani, pua ikainuka, na yeye akazungusha mkono wa mafuta mpaka mwisho ili tupate kusonga. Injini ikanguruma. Maji yaliruka pande zote mbili.

"Kumi na nne..." baba akaanza. Akainamia mita. Akaipiga kofi kidogo.

"Baba! Soma!"

"Kumi na mbili nukta sita," akasema, kwa sauti ya kawaida. "Nukta tano."

Hajati alitazama mbele tu, lakini kofia yake ilikuwa inatikisika, na nikajua anacheka.

Betri ilikuwa mpya, ya baba mwenyewe, na haikuwa na kosa. Regyuleta ilikuwa mpya, niliifunga mimi. Hajati alikuwa amesema kweli tangu siku ya kwanza, neno kwa neno. Nilikaa pale miguuni pa injini, maji yakinirushia mgongoni, nikajaribu kufikiri upya. Mto haujui umeme, hilo bado ni kweli. Basi Hajati anafanya nini akipanda ambacho hafanyi akishuka?

Nikamtazama mkono.

"Hajati! Punguza mafuta!"

"Tutarudishwa nyuma!"

"Kidogo tu! Turudishwe!"

Akapunguza. Boti ikasimama mahali pamoja, kisha ikaanza kuteleza nyuma taratibu, pua bado imeelekea juu.

"Kumi na tatu nukta tisa!" baba akapiga kelele, akaruka kutoka kwenye gunia, akakumbuka alipo, akakaa tena. "Inachaji! Tunapanda na inachaji!"

"Ongeza yote!"

"Kumi na mbili nukta tano!"

"Punguza!"

"Kumi na tatu nukta tisa!"

Tulifanya hivyo mara nne, tano, katikati ya Naili, mbele, nyuma, mbele, nyuma, watatu tunapiga kelele kama watoto kwenye bembea. Mvuvi mmoja aliacha wavu wake kututazama. Nadhani mara mbili za mwisho hazikuwa za lazima.

Tulifunga boti kwenye matete upande salama, injini ikazimwa, nikafungua kifuniko. Nikaweka mita kwenye zile waya mbili za kijani, kama nilivyofanya Arua, ambako pipani hatukuwahi kufungua mafuta mpaka mwisho. Zimeungana, vizuri kabisa. Nikamwambia Hajati azungushe mkono wa mafuta polepole, injini ikiwa imezimwa. Na hapo nikaona kitu ambacho alteneta ya lori haina: kwenye injini ile, ukiongeza mafuta, sahani yote inayobeba koili chini ya gurudumu inazunguka kidogo, inapeleka moto mapema kwenye plagi. Waya zinakwenda nayo. Alipofika karibu na mwisho, waya moja ilinyooka ikakakamaa, na mita yangu ikaonyesha kwamba njia imekatika. Akarudisha, njia ikaungana tena.

Niliishika ile waya kati ya vidole. Ngozi yake ya nje ilikuwa nzima, ya kijani, safi. Lakini inchi mbili kutoka kwenye sahani ilikuwa laini, inakunjika bila ukaidi, kama kidole kisicho na mfupa. Shaba ilikuwa imekatika ndani. Ncha mbili zilikuwa zinagusana waya ikilegea, zinaachana ikivutwa. Na kilichokuwa kinaivuta sasa kuliko zamani kilikuwa kifungo cheusi cha plastiki, kimekazwa kwa ustadi mkubwa.

Kifungo changu.

Ningeweza kukikata kimyakimya. Nilifikiria hivyo kwa muda ambao sitaki kuutaja.

"Hajati," nikasema, "waya ilikuwa imekatika ndani tangu zamani. Ndiyo sababu ilikuwa inakufa siku ya tano. Lakini mimi niliikaza na hiki kifungo, ikakosa nafasi ya kucheza. Ndiyo sababu ikawa inakufa siku ya kwanza. Siku ile ulisema ni maridadi."

Hajati alikitazama kifungo, akanitazama mimi.

"Ilikuwa maridadi," akasema. "Hapana chaji, lakini maridadi."

Baba alicheka. Sikumbuki mara ya mwisho nilipokuwa nimesikia kicheko kile. Kilianza tumboni, kikamtikisa yeye, kikatikisa gunia, kikatikisa boti, naye akashika ubao na kuendelea kucheka huku amefumba macho, machozi yanamtoka. Akanielekezea kidole, akajielekezea yeye mwenyewe, akaelekeza betri yake. Hajati akaanza naye. Mimi nilikuwa wa mwisho, lakini nilicheka kwa muda mrefu kuliko wote.

Ukingoni tuliwasha makaa, tukapasha chuma cha kulehemu. Nilikata kipande kibovu, nikaunga waya mpya laini, ndefu kidogo, baba akaishika kwa koleo huku nikiyeyusha risasi juu yake. Tukaivika ngozi, tukaipinda kitanzi ili ipate nafasi ya kwenda na kurudi, na tukazungusha mkono wa mafuta mara hamsini, mita ikiwa imefungwa, baba anahesabu. Haikukatika hata mara moja. Kisha Hajati akarudishiwa betri yake, ile iliyotukanwa kote, na tukaingia mtoni tena. Tulipanda mafuta yakiwa mwisho kabisa, tukimpita kila mtu.

"Kumi na nne! Nukta! Mbili!" baba alitangazia wavuvi, ndege na mbuzi wa kandokando.

Tulikula kwa Hajati: samaki kwenye mchuzi wa karanga na ugali wa muhogo. Baba alimwambia ni samaki mzuri. Akamwambia tena. Kisha akauliza boti inavuta mafuta kiasi gani kwa safari moja, na mbao zake ni za mti gani, na marehemu mume aliitoa wapi, na mimi nikaenda kuosha mikono kwa sababu niliona nimekuwa wa ziada pale.

Baada ya wiki mbili baba alipita karakanani kwangu na mfuko wa karanga.

"Naenda kukagua ile waya," akasema.

"Mimi naweza kwenda, Baba."

"Wewe uko na kazi."

Wiki iliyofuata alikwenda kupima betri. Halafu alikwenda kupaka grisi. Mwezi wa pili Hajati alinipigia simu, na safari hii hapakuwa na upepo. Alikuwa ameketi ndani.

"Fundi, nikuulize. Betri inapimwa mara ngapi?"

"Mara moja kwa mwezi inatosha, Hajati."

"Baba yako anapima kila Jumatano."

"Basi itakuwa imepimwa vizuri."

Nikasikia anavuta pumzi.

"Ameniambia neno," akasema. "Nimemwambia siwezi kujibu kabla ya kuuliza mutoto yake. Mama yenu alikuwa mutu muzuri, anamtaja kila mara. Mimi hapana kuja kufuta mutu. Wewe unasemaje?"

Nilikuwa na starta ya lori mapajani. Niliiweka chini. Nilimfikiria mama, na ilikuwa kweli kwamba kitu kilinichoma, mahali padogo, chini ya mbavu. Nikamfikiria baba barazani anamenya karanga bila kusema neno tangu asubuhi hadi jioni.

"Hajati," nikamwambia, "amekwambia kwamba anakoroma?"

"Injini yangu pia inakoroma," akasema. "Lakini ajue jambo moja. Boti siachi."

Nilimfikishia baba sharti hilo mwenyewe, Kuluba, nikiwa nimepaza sauti ili asikie vizuri. Alinitazama kana kwamba nimesema jambo la kijinga.

"Nani alisema aache? Mimi nimeshajifunza kufunga kamba."

Waliozeshwa Koboko baada ya mavuno ya karanga. Ndugu wa Hajati walikuja kutoka mtoni na magunia mawili ya samaki wakavu, jirani yangu wa gurusa alikuja na kikaango chake kutoka Arua akakaanga tangu alfajiri, na wazee wa jeshi waliobaki walikaa mstari mmoja wa viti, wamevaa kanzu, wakibishana nani alikuwa dereva bora. Baba alikuwa amenyoa ndevu. Sheikh alipomuuliza kama amekubali, alijibu kwa sauti iliyosikika mpaka barabarani, na watu wakacheka kabla hata vigelegele havijaanza.

Hajati alinishika mkono mlangoni, akanivuta karibu naye miongoni mwa mashangazi. Nilitaka kumpongeza, na ulimi ukajikwaa kwenye jina. Nilikuwa nimezoea kumwita Hajati.

"Karibu nyumbani, Mama," nikasema.

Alinikumbatia kwa lile bega lake zima, akaniambia wageni wa mtoni bado hawajapata chai, nikaenda kuwapelekea.